Hedifoni Gani kwa Amplifaya ya Valvu? Mjadala wa Themi

Jumamosi ile ya Julai Mlima Meru haukuonekana tangu asubuhi. Mawingu yalishuka, baridi ikaingia mpaka ndani ya karakana ya Fundi, na sisi wanne tukajikuta tumeisogelea meza kuliko kawaida, maana juu yake ndiko kulikokuwa na joto: amplifaya yangu, valvu tatu zinawaka rangi ya chungwa kama makaa yaliyopepewa. Nje, upande wa viwanda vya Themi hapa Arusha, malori yalikuwa yakishusha mzigo.

Niliijenga kwa miezi mitano, jioni baada ya kazi. Chasisi ni bati la alumini. Mbele kuna valvu moja ya ECC82 inayokuza sauti, nyuma yake ECC88 mbili, moja kwa kila sikio, zinazobeba mzigo wa hedifoni. Kila tundu nilitoboa mwenyewe. Lakini katika miezi yote hiyo kuna jambo sikulipa hata jioni moja: nitaisikiliza kwa hedifoni gani? Hela iliishia kwenye transfoma ya umeme, soketi na valvu, nikabakiwa na kiasi cha kununulia hedifoni ya kawaida ya dukani. Muuzaji akaniambia ile yenye besi kubwa ndiyo kiboko. Nikainunua, nikaichomeka, nikaweka wimbo wa bendi ya Morogoro Jazz ninaoujua tangu utoto. Gitaa la solo na la rithimu yalikuja yakimeta. Besi ilikuja imekonda. Nikaichomeka hedifoni ileile kwenye simu: besi imejaa. Nikairudisha kwenye amplifaya: imekonda tena.

Nikawaomba watu watatu waje tulizungumze. Majina yao nayaacha, nawaita kwa kazi zao. Fundi ni mzee aliyeanza kutengeneza redio zama za valvu, kabla transista hazijajaa mjini. Kijana anasoma elektroniki katika Chuo cha Ufundi Arusha, na ndiye aliyenisaidia kuchora saketi. Dada ni mhariri wa sauti katika kituo kimoja cha redio hapa mjini. Siku nzima hedifoni iko kichwani mwake. Baada ya shikamoo na chai ya tangawizi, Kijana hakungoja kikombe kipoe.

Kijana: Kosa si la amplifaya, kaka. Umenunua hedifoni ya omu 32. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya simu, valvu haiiwezi. Tafuta ya omu 300, ikishindikana 250. Mengine yote ni kupoteza muda.

Dada: Mdogo wangu, mtu amekuambia hela imeisha, wewe unamtajia omu 300! Najua unaifikiria Sennheiser HD 600. Ni hedifoni nzuri, inatengenezwa tangu 1997 na hadi leo vipuri vyake vinauzwa kimoja kimoja. Lakini bei yake inaweza kuzidi gharama ya amplifaya yote hii. Swali aliloleta ni la bei nafuu. Hebu tulijibu hilo.

Fundi: Ngojeni kwanza. Binti yangu, unajua hizo omu zinafanya nini?

Dada: Najua ni ukinzani, mzee wangu. Ninachojua zaidi ni kwamba zikiwa nyingi, simu inashindwa kupandisha sauti.

Fundi: Umesema vizuri kuliko unavyodhani. Sasa angalieni. Watu wa huku mlimani wanaijua mifereji. Maji yakitoka juu sana kwa mfereji mwembamba, yanapiga kwa nguvu lakini ndoo inachelewa kujaa. Valvu ndivyo ilivyo: volti inazo za kugawa, mkondo ndio mchache. Transista ni bomba pana la bondeni: msukumo mdogo, maji tele. Hedifoni ya omu 32 inaomba maji mengi kwa msukumo mdogo. Ya omu 300 inaomba msukumo mkubwa na maji kidogo. Hakuna mbaya hapo. Kuna anayefaa bondeni na anayefaa mlimani.

Kijana alichukua chaki, akaandika juu ya ubao wa meza. Ili hedifoni ya omu 32 ipate miliwati moja, inahitaji volti 0.18 na miliampia 5.6. Ya omu 300, kwa miliwati hiyohiyo, inahitaji volti 0.55 na miliampia 1.8 tu. Kisha akaandika kikomo cha amplifaya yangu. Kila ECC88 ndani ina triodi mbili, tumeziunganisha sambamba, kila moja inapitisha miliampia 10. Jumla 20. Mkondo wa sauti hauwezi kuvuka hapo bila sauti kupasuka.

Kijana: Kwa kilele cha miliampia 20, omu 32 inaambulia miliwati 6.4. Omu 300 inapata 60. Valvu ileile, umeme uleule, nguvu zaidi ya mara tisa. Nibishieni sasa.

Dada: Nakubishia, tena kwa namba zako. Hedifoni nyingi za kawaida zikipewa miliwati moja tu zinatoa desibeli kati ya 95 na 100. Kazini mipaka ya usalama wa masikio inahesabiwa kwa desibeli 85 kwa saa 8. Mimi nikihariri habari sifiki hata sehemu ya kumi ya miliwati. Wewe unamwonea huruma mtu mwenye miliwati 6! Akizitumia zote kila siku, baada ya miaka michache hatahitaji hedifoni wala amplifaya.

Kijana alikaa kimya akizungusha chaki vidoleni. Na hapa niseme langu: Dada alikuwa sahihi, na hili ndilo kosa linalowapotezea wajenzi wengi hela. Tunahesabu nguvu kana kwamba tunalisha spika za harusini, wakati hedifoni iko nusu sentimita kutoka sikioni. Hata hivyo swali langu lilibaki palepale.

Mimi: Kama nguvu inatosha, besi yangu imekwenda wapi?

Fundi hakujibu. Alichomoa waya ukutani, akangoja valvu zififie, akaipindua amplifaya juu ya taulo kuukuu. Mkono wa kushoto akautia mfukoni. Kwa wa kulia akagusa kapasita kubwa ya umeme kwa ncha ya mita: volti 23. Akachukua rizista nene aliyoivika mpira miguuni, akaiweka hapo, namba zikateremka mpaka moja.

Fundi: Leo valvu zilikuwa za moto, zimekunywa umeme zenyewe. Siku umetoa valvu halafu ukawasha kujaribu, hapa unakuta volti 170 zimekaa zinakungoja hata kama waya umeuchomoa. Hiyo inaua. Na mkono wangu mmoja uko mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Mwanangu, ukisahau kila kitu nilichosema leo, hili usisahau.

Kisha akaweka ncha ya bisibisi kwenye kapasita mbili ndogo za bluu karibu na tundu la hedifoni.

Fundi: Soma namba.

Mimi: Mikrofaradi 47.

Fundi: Hawa ndio waliokula besi yako.

Nitalieleza hili polepole, kwa kuwa ndilo lililobadilisha mjadala. Katika amplifaya isiyo na transfoma ya kutolea sauti, mguu wa valvu unaotoa sauti una volti nyingi za moja kwa moja. Kwangu ni 65. Hizo hazitakiwi kufika kwenye hedifoni hata kidogo. Kapasita inasimama mlangoni: inazuia zile volti zilizotulia, inapitisha sauti inayotikisika. Lakini kapasita ina tabia yake. Kadiri mtikisiko unavyokuwa wa polepole, yaani sauti nzito, ndivyo inavyozidi kuubania. Mahali inapoanza kubania panategemea ukubwa wake na jumla ya omu zilizo njiani: za valvu na za hedifoni. Triodi mbili za kila valvu zikiwa sambamba zina kama omu 40. Kijana akapiga hesabu: 40 kujumlisha 32 ni 72, na kwa mikrofaradi 47 ubanaji unaanza kwenye hezi 47. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa bila kushikwa, unalia kwenye hezi 41. Uko chini ya mlango.

Kwa hedifoni ya omu 300, kapasita hiyohiyo ingeanza kubania kwenye hezi 10, ambako sikio la mtu halisikii sauti yoyote. Na simu? Simu nyingi za sasa hazina kapasita hiyo mlangoni kabisa, ndiyo maana kule besi ilikuwa kamili.

Kijana: Nilikuambia, omu 32 ni tatizo.

Dada: Hapana, umesikia mwenyewe kwamba tatizo ni kapasita. Kapasita inauzwa bei gani?

Fundi: Bei ya chapati.

Dada: Basi abadilishe kapasita abaki na hedifoni yake. Huo ndio unafuu niliokuwa nautafuta.

Ilibadilishwa palepale. Fundi alikuwa na mikrofaradi 470 za volti 160 kwenye kopo, Kijana akazilehemu, tukawasha, tukangoja. Wimbo ukaanza. Dada ndiye aliyevaa, kwa kuwa masikio yake ndiyo tuliyoyaamini zaidi. Alisikiliza wimbo mzima bila kusema neno, akarudisha mwanzo, akasikiliza tena.

Dada: Besi imerudi. Siwezi kukataa. Lakini imelegea. Kuna noti moja inavimba kuliko jirani zake. Kila mpigaji akipita hapo ni kama anapiga ngoma ya maji. Mpigaji mwenyewe hakupiga hivyo, nina hakika.

Kijana: Hiyo naijua. Omu 32 ni namba ya kwenye boksi tu. Ukinzani wa hedifoni haukai mahali pamoja, unapanda na kushuka kulingana na noti. Nyingi zina kilima kwenye besi. Tuseme yako inapanda mpaka 60 kwenye hezi 90. Valvu ina omu 40 zake, kwa hiyo wanagawana sauti: kwenye 32 hedifoni inapata asilimia 44, kwenye 60 inapata asilimia 60. Noti ile inaongezeka kwa desibeli 2.6 bila mtu kuiomba. Hedifoni ya omu 300 ikiwa na kilima mpaka 500, tofauti haifiki nusu desibeli.

Dada: Hapo sasa nakubali. Umenionyesha kitu ninachokisikia.

Fundi: Na mimi sijafurahi na kapasita hiyo kubwa. Ukiwasha, inajaa volti 65 kupitia njia ya hedifoni. Kubwa mara kumi inabeba mzigo mara kumi. Mlisikia kile kishindo? Hedifoni ikiwa imechomekwa wakati ule, utando wake unarushwa. Na siku kapasita ikifa kwa kushoti, volti zote zinakwenda kichwani kwako. Kichwani, wala si kwenye kidole. Ndiyo maana mimi maisha yangu yote nimependa transfoma.

Fundi akilitaja neno transfoma sauti yake hubadilika. Alisimama, akashusha kutoka kwenye rafu redio ya Philips ya valvu, mbao zimepauka, kitambaa cha spika kimetoboka. Alinionyesha ile EL84 iliyokuwa ikiendesha spika, na pembeni yake transfoma ndogo nyeusi ya kutolea sauti. Valvu inaona omu zaidi ya 5,000. Spika ya omu 5 inapata mkondo wake wote. Transfoma inageuza mfereji wa mlimani kuwa bomba la bondeni, na volti hatari zinabaki upande wake. Arusha iliwahi kuwa na kiwanda cha Philips cha kuunganisha redio, na Fundi huitaja enzi ile kama mtu anayemtaja ndugu aliyehama. Hata majina ya valvu anayasoma kama barua: E ya mwanzo ni kikanza cha volti 6.3, kila C ni triodi, nane ni kitako cha pini tisa.

Mimi: Basi kwa nini nisitumie transfoma hii, mzee?

Fundi: Kwa sababu ni moja. Redio hii ni ya spika moja, na wewe una masikio mawili. Unahitaji redio mbili za aina ileile, zote zikiwa na transfoma nzima. Kusuka mpya kunawezekana, ila waya wa shaba na chuma chake utakugharimu kuliko hedifoni yoyote tuliyoitaja.

Dada: Kuna kitu sielewi. Mnahangaika kuipa valvu kazi isiyoiweza. Kwa nini msiweke transista mwishoni ibebe mkondo, valvu ikabaki mbele?

Kijana: Ipo hiyo, dada, inaitwa mseto. Kuna Mmarekani anaitwa Pete Millett alichora moja kwa ajili ya wanafunzi wasio na hela: valvu mbili za 19J6, transista mbili za mosfeti, IRF510, na umeme wa volti 48 tu. Hedifoni ya omu 32 inaendeshwa bila shida. Ila... si valvu tupu.

Fundi: Volti 48 kwa anayeanza? Huyo mtu ana busara. Wewe kinachokuuma ni nini?

Kijana hakujibu, na sikumlaumu, maana ugonjwa huo ninao pia. Tunataka sauti ipite kwenye glasi mwanzo hadi mwisho. Lakini nikiulizwa leo na mtu ambaye hajalehemu hata waya mmoja, na hedifoni pekee aliyonayo ni ya omu 32, nitamwambia ajenge mseto. Hedifoni ni kipuri cha mwisho cha saketi, kama ilivyo kapasita au rizista. Mimi nilichora saketi nzima kipuri kimoja kikiwa hakijulikani, halafu nikakinunua mwishoni kwa kusikiliza maneno ya muuzaji. Amplifaya haikuwa na kosa. Hedifoni nayo haikuwa na kosa. Nilizikutanisha mimi.

Hili lina historia yake, na inafaa kuijua kabla ya kuingia dukani. Zamani hedifoni nyingi zilikuwa za omu nyingi, kwa kuwa vyombo vingi vilikuwa vya valvu. Sennheiser HD 414 ya mwaka 1968, ile yenye sponji za njano, ilikuwa na omu 2,000. Kisha 1979 Sony wakatoa Walkman. Betri mbili ndogo hazina volti za kugawa, kwa hiyo hedifoni zikashushwa omu ili zilie kwa volti chache. Simu zikaufuata mkondo huo. Ndiyo maana leo ukiingia duka lolote mjini, kuanzia Mnara wa Saa mpaka Kilombero, rafu nzima ni omu 16 na 32. Hakuna aliyekuficha zile za omu nyingi. Zimekuwa bidhaa ya studio.

Mimi: Tuseme mtu ana amplifaya kama hii yangu tayari, na hela ni kidogo. Anunue nini? Tajeni.

Dada: Mimi nataja Koss Porta Pro. Inatengenezwa tangu 1984, ni nyepesi, ina omu 60, na bei yake ni ya mtu wa kawaida. Kwa hesabu za mdogo wangu hapa, miliampia 20 zinaipa miliwati 12.

Kijana: Na kwa kapasita ya 47 inaanza kubania kwenye hezi 34. Uzi wa chini wa besi unapita. Siyo mbaya. Ila omu 40 za valvu bado ni nyingi mbele ya 60. Superlux HD 668B pia, ina omu 56. Asichanganye na HD 681 ya kampuni hiyohiyo, ambayo ni 32.

Fundi: Philips je?

Kijana: Wanayo SHP9500, mzee. Nzuri sana, ila ni omu 32.

Fundi alitikisa kichwa taratibu, akairudisha redio kwenye rafu.

Dada: Majina yanadanganya. AKG K240 za zamani zilikuwa omu 600. K240 Studio za sasa ni 55, na ukizitazama kwa mbali ni pacha. Beyerdynamic DT 770 Pro ziko za 32, za 80 na za 250, jina moja. Mtu anakwambia "nina DT 770" na bado hujajua ana nini.

Fundi: Ndiyo maana ukienda kununua kitu cha mtumba unabeba mita. Weka kwenye omu 2000. Gusa ncha ya pini na shina lake, kisha pete na shina. Utasoma namba iliyo karibu na ile halisi, mara nyingi chini kidogo. Na tega sikio: kila ukigusa, ndani ya hedifoni patalia "tak". Pasipolia, upande huo umekufa, usilipe. Muuzaji hawezi kubishana na mita.

Mtumba ndilo jibu nililoanza kuliegemea. Hedifoni ya studio haifi upesi. Kinachochakaa ni mito, waya na sponji ya utepe wa kichwani, na vyote vinabadilishwa. Utando unaotoa sauti unaweza kudumu miaka ishirini. Kwa hiyo mtu mwenye hela kidogo anafanya vizuri kutafuta hedifoni ya studio iliyochakaa sura, kuliko mpya inayong'aa ya omu 32. Nilikuwa bado nayasema haya nilipoona Dada ameweka kikombe chini na ananitazama.

Dada: Rudia. Umesema ya studio, iliyochakaa, ya omu nyingi, ambayo kwenye simu sauti yake ni ndogo?

Mimi: Ndiyo.

Dada: Kabatini kwetu kuna moja. Ina mito ya kijivu ya kitambaa, imebonyea. Kila mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo akiipata anaichomeka kwenye simu, anasema hii mbovu, haitoi sauti. Anairudisha. Mimi mwenyewe niliwahi kuiandikia karatasi: mbovu. Ipo chini ya kabati miaka minne sasa.

Kijana alisimama kabisa.

Kijana: Dada, imeandikwa ngapi?

Dada: Sikuwahi kusoma.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Dada aliomba kibali kwa mkubwa wake, ofisi ikakubali iuzwe kwa bei ya kitu kibovu, risiti ikaandikwa. Jumamosi iliyofuata mlima ulikuwa umefunguka, kilele kinaonekana wazi, na hedifoni ilikuwa mezani kwa Fundi ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuna aliyeivaa. Fundi aliweka mita kwenye omu 2000, akagusa ncha na shina. Tak. Akasogea kwenye pete. Tak. Namba ikatulia: 246. Akaigeuza hedifoni, akafuta vumbi kwa kidole gumba, na maandishi yakajitokeza: DT 770 Pro, omu 250.

Kijana: Tuichomeke!

Fundi: Hapana. Toa kwanza zile kapasita kubwa. Rudisha za 47.

Kijana: Zile zilizokula besi, mzee?

Fundi: Piga hesabu.

Kijana alipiga. Omu 40 na 250 ni 290. Kwa mikrofaradi 47, ubanaji unaanza chini ya hezi 12. Kishindo cha kuwasha kinarudi kuwa kidogo, na kwa miliampia 20 hedifoni inapata miliwati 50, ambazo hakuna mwenye akili atakayezimaliza. Nilizilehemu mimi mwenyewe safari hii, pamoja na rizista kutoka mlangoni hadi ardhi, ili kapasita ijae kabla hedifoni haijachomekwa. Tukawasha. Fundi akainua saa yake ya mkononi mbele yetu mpaka dakika nzima ikapita, ndipo akanipa ishara.

Niliingiza pini. Nikaweka wimbo uleule. Besi ilikuja na ukubwa wake wa kawaida, hakuna noti iliyovimba, na nikasikia kitu ambacho katika miaka yote ya kuusikiliza wimbo ule sikuwahi kukijua: kidole cha mpigaji kikiteleza juu ya uzi mnene kabla ya kuuachia. Nikampa Dada. Alifumba macho, na mkono wake ukaanza kupiga mezani polepole, ukifuata besi wala si ngoma.

Mito mipya nimeagiza. Ile hedifoni ya omu 32 ameichukua Kijana, anaisikilizia kwenye simu, na anasema besi yake ni nzuri.